Jarida la Waya Dorca Kwenye Sanduku la Kanisa

Mwaka wa themanini na saba Waya Dorca alilipia jarida la muziki lije kwa jina lake kila mwezi, mwaka mzima. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Watu wanaokumbuka maneno yale husema shida ilikuwa picha. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wao, na ninasema shida ilikuwa anwani.

Waya kwetu ni dada ya baba. Huyu alikuwa ameolewa upande wa Pap Onditi, akakaa kule miaka kumi na miwili, kisha siku moja akajitwika cherehani yake akatoka. Hakusema kwa nini. Kwetu binti aliyeolewa akirudi hajengewi nyumba ndani ya boma la baba yake, kwa hiyo hakujisumbua kurudi. Alipanga chumba Manyatta, na mchana akashonea soko la Kibuye, chini ya mabati mawili, katikati ya muuza mitumba na mama wa omena, wale dagaa wa ziwani. Nilipoacha shule darasa la tano baba alinileta kwake. Nilishona vifungo na kukunja pindo. Mimi si mtu wa maneno mengi, na yeye hakupenda kuulizwa-ulizwa, kwa hiyo tulikaa vizuri.

Jarida lilianza na Salme, msichana wa Kaloleni aliyekuwa anangoja kuolewa baada ya Idi. Alikuja na ukurasa mmoja uliochanwa, wenye picha ya mcheza dansi wa bendi, amevaa gauni ambalo mikono yake imefura mabegani kama maandazi.

"Mama, nataka mikono kama hii. Lakini shingo ifunike. Baba yangu akiona shingo hakuna harusi."

"Mikono utapata," Waya akasema. "Shingo tutafunga mpaka kidevuni."

Salme aliacha ule ukurasa ili Waya aangalie mshono. Waya aliangalia mshono siku moja. Siku ya pili aligeuza akasoma upande wa nyuma. Kulikuwa na habari ya mpiga gitaa mmoja wa huku ziwani: jinsi alivyojifunza kwa gitaa la debe la mafuta ya taa, jinsi bendi yake ilivyopata jina, mpaka jioni ambayo bendi ilivunjika. Mwisho wa ukurasa palikuwa pameandikwa hivi: "Basi mwenzake akasimama mbele ya watu wote, akamwambia kwamba" na chini yake, kwa herufi ndogo, "Endelea ukurasa wa 31."

"Alimwambia nini?" Waya akaniuliza, kana kwamba mimi nilikuwako.

Salme alipokuja kupima gauni, Waya alimwuliza habari za ukurasa wa 31 kabla hata ya kumwuliza kama mikono inambana. Salme akasema ule mmoja aliupata saluni, na nyingine zote mwenye saluni alikuwa amezifungia karanga.

Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na kikaratasi chenye mistari ya nukta, kimeandikwa "Kata hapa." Jarida liliitwa Gitaa na Mitindo, linatoka Nairobi. Jaza jina, jaza anwani, tuma na posta oda ya malipo, nalo litakufuata mpaka ulipo.

"Dorca, hiyo ni ya watoto," akasema Nasambu, yule mama wa omena. "Wewe utafanya nini na wanamuziki?"

"Nitawasoma mpaka mwisho," Waya akasema, akachukua mkasi.

Sasa anwani. Wakati huo watu wa mtaa wetu hawakuwa na masanduku ya posta. Mwenye kazi alitumia sanduku la kazini, mwenye mtoto shule alitumia la shule, na sisi wengine wote tulitumia la kanisa. Ufunguo ulikaa kwa Mzee Zadock, karani wa kanisa, mstaafu wa reli, mtu wa koti lenye kalamu mbili hata jua likiwaka namna gani. Ijumaa alipanda baiskeli kwenda posta, akarudi na barua zimefungwa kwa mpira kwenye karia. Jumapili, baada ya wimbo wa mwisho, hakuna aliyekwenda nyumbani. Tulisimama uani, yeye akapanda ngazi ya mlangoni, akasoma majina. Ukisikia lako unajibu "Niko," unapita mbele ya watu, unapokea kwa mikono miwili.

Lakini hakuwa anasoma jina peke yake. Alisoma na muhuri. "Mama Opiyo. Kutoka Mombasa. Leo amekumbuka kuna posta." Watu wanacheka. "Dalmas. Kutoka kortini Nakuru." Hapo hakuna anayecheka, wanamgeukia Dalmas tu. Akiipima barua mkononi atasema, "Nyepesi hii, hakuna kitu ndani," au, "Nzito, mama huyu leo atapika nyama." Kulikuwa na mama mmoja ambaye kijana wake alifungwa. Kila barua ya kijana ilikuwa na muhuri wa gereza, na kila mara Mzee alilitaja gereza. Mama alijibu "Niko" kwa sauti ya chini sana, mpaka Mzee anamwambia, "Sijasikia, sema tena." Mimi nilikuwa nasimama nyuma karibu na tangi la maji. Kutoka pale unaona sura za watu wote. Sijawahi kusikia mtu amelalamika. Ilikuwa ndiyo desturi, na bila Mzee Zadock barua zingeoza posta.

Basi Waya akaandika kwenye kile kikaratasi: Dorca Amolo, kwa mkono wa kanisa. Akaweka na namba ya sanduku la kanisa. Hakuna aliyefikiri lolote, hata yeye.

Toleo la Julai lilikuja limefunikwa karatasi ya kaki.

"Dorca Amolo. Kutoka Nairobi." Mzee akalipima. "Nzito. Ni nini, Mama Dorca, umeandikwa kazi serikalini?"

"Ni yangu, Mzee," Waya akasema, na watu wakacheka pamoja naye. Usiku wa siku hiyo na kesho yake alisoma kila kitu, mpaka matangazo ya betri. Cherehani ilikaa kimya nusu siku nzima, kitu ambacho sikuwahi kuona. Alinionyesha namna ya kuweka mifuko ya pembeni aliyoiona kwa mpiga tarumbeta mmoja, na kabla ya wiki kwisha vijana wanne wa Mamboleo walikuwa wamevaa mifuko hiyo.

La Agosti ule mpira wa karia uliichana kaki. Jumapili Mzee Zadock alipolitoa kwenye mfuko wake, karatasi ikaanguka yote, na jalada likabaki wazi mkononi mwake mbele ya kanisa lote. Picha ilikuwa ya mwimbaji wa kike, nywele zimesimama, sketi ya ngozi imeishia pale ambapo ya mama wa kanisa hata haijaanza. Mzee alilishika kama mtu aliyeokota nyoka akidhani ni kamba.

"Dorca Amolo," akasema.

"Niko."

"Hii itabaki."

"Itabaki wapi, Mzee?"

"Ofisini."

Akaliweka chini ya kwapa, jalada likiangalia ndani ya koti, akaendelea na majina ya wengine.

Jumatano Waya aliitwa mbele ya wazee. Nilikwenda naye, nikakaa kwenye benchi mlangoni. Ndani walikuwa Pasta, Mzee Zadock, na Mama Seline, mkubwa wa akina mama wa kitambaa. Hao ni wale waliofunga kitambaa cheupe Jumapili na kukaa safu mbili za mbele. Waya alikuwa mmoja wao mwaka wa saba sasa. Kwa mwanamke aliyetoka kwa mume bila kusema sababu, kile kitambaa hakikuwa kitu kidogo. Ndicho kilichofanya watu wamwite Mama.

"Mama Dorca," Mzee Zadock akaanza, "lile sanduku ni la Bwana."

"Sanduku ni ya posta, Mzee. Bwana hana ufunguo."

"Ufunguo ni mimi niko nayo."

"Ndiyo hiyo nasema."

Pasta akakohoa, akaweka mkono mdomoni. Alikuwa kijana, amekuja Januari, bado anasoma upepo.

"Dorca, usijibu wazee kama uko sokoni," Mama Seline akasema.

"Mimi niko sokoni siku sita, Mama. Sauti ni hii hii moja."

"Tumekaa na wewe. Umetoka kwa bwana yako, tukanyamaza. Hatukuuliza. Sasa unatuletea mapaja kwa mlango wa kanisa. Wasichana wangu wananiuliza, Mama, kumbe mama wa kitambaa anasoma hiyo? Niwajibu nini?"

"Waambie anasoma."

Mzee Zadock akagonga meza kwa kalamu. "Ndani ya hiyo kitu kuna uchafu."

"Umeifungua?"

"Sijaifungua. Nimeona ya nje, na ya nje inatosha."

Walimpa mpaka mwezi wa kumi. Aandike barua Nairobi asimamishe jarida, na likiacha kuja, maneno yameisha. Likiendelea kuja, atarudisha kitambaa mbele ya watu, siku ya Jumapili. Waya aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Akasimama, akanyoosha sketi.

"Kitambaa gani mnataka kurudishiwa?" akauliza. "Hiki nilinunua mimi, nikakata mimi, nikashona mimi. Mlikiombea tu."

Tulitembea mpaka kwenye mtaro wa Manyatta. Hapo akasema, kama anamwambia mtaro, "Na nimelipia mpaka Juni."

Tangu siku hiyo Mzee alisoma majina yote akaliruka la Waya. Jumapili ya kwanza alipofunga mfuko wake, watu wakaanza kutawanyika, Waya akabaki amesimama katikati ya ua, mkoba mkononi.

"Mzee, hujamaliza."

"Nimemaliza."

"Jina langu."

"Hakuna."

"Iko kwa kabati ya ofisi."

Mzee akaingia ofisini akafunga. Waya akasimama pale mpaka alipotoka na baiskeli, akamwamkia vizuri, naye akaitika vizuri, kila mmoja akashika njia yake. Jumapili ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne. Septemba lilipofika, nalo likaingia kabatini, yakawa mawili. Watu walianza kuzoea. Wengine walibaki kuangalia, kama wanavyobaki kuangalia gari limekwama. Mimi miguu ilikuwa inaniuma kwa aibu, nasema kweli. Nilitamani ardhi ya uani ifunguke, initoshe mimi peke yangu.

Jumapili ya tano Mzee Zadock aliona amwonye kwa mahubiri. Baada ya matangazo akasimama akasema kwamba kuna dunia, na dunia ina watu wake. "Kama huyo mwanamke wa picha," akasema, "huyo ambaye wanamtukuza. Mtu gani? Amezaliwa Agosti, kitinda mimba, chakula anachopenda ni samaki wa kukaanga, kitu asichopenda ni watu waongo. Huyo ndiye mfano wa watoto wetu?"

Waya akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mzee, mimi hiyo bado sijasoma. Wewe umefika ukurasa gani?"

Kicheko kilianzia upande wa wanaume. Hata Pasta aliinamia Biblia yake akawa anatafuta mstari ambao haukuwako. Mzee Zadock alikaa, na jioni ile baiskeli yake ilipita njia ya nyuma.

Nilidhani kwa kicheko kile mambo yameisha. Waya akaniambia hapana. "Wamecheka, lakini kabati bado limefungwa. Lornah, kesho asubuhi vaa viatu, tunakwenda posta."

Kwenye dirisha la masanduku kulikuwa na karani mmoja aliyeitwa Badru, mpole, mwenye ndevu chache zilizopangwa vizuri. Akatuambia orodha ni ndefu.

"Watu wanangoja tangu mwaka juzi, mama."

"Wote wanangoja?"

"Wote wanangoja za katikati, usawa wa kifua. Tumeongezewa safu mpya chini kabisa, karibu na sakafu. Hizo nikimpa mtu mkubwa anakataa. Anasema hawezi kuchuchumaa na suti mbele ya watu kama anapuliza jiko."

"Mimi napuliza jiko kila siku. Lete."

Badru akatoa karatasi. "Jina la mwenye nyumba?"

"Dorca Amolo."

"Hilo ni lako. La bwana?"

"Andika hilo hilo."

"Mama, si mimi, ni karatasi inauliza."

"Iambie karatasi nyumba ina mlango, na mlango una mimi. Kazi ni hii." Akaweka leseni yake ya soko juu ya kaunta, ile ya manispaa, imekunjwa mara nne, ina mafuta ya cherehani pembeni. Badru akaisoma mbele na nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu, lakini akasoma. Kisha akaandika jina moja mahali pawili, akapiga muhuri.

Siku mbili baadaye tulikuja kuchukua ufunguo. Waya alipiga magoti sakafuni katikati ya wale wenye suti, akafungua kile kimlango, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Hakukuwa na kitu bado. Akakifunga, akakifungua tena. Bwana mmoja akamwambia, "Mama, pole," akidhani ameanguka.

"Asante, nimefika tu," Waya akamjibu.

Jioni aliandika Nairobi. Hakuomba wasimamishe. Aliomba wabadilishe anwani.

Toleo la Oktoba likaja kule chini, kaki yake nzima, na hakuna aliyelipima mkononi. Nikafurahi sana. Nikaona Waya ana jarida lake, ana kitambaa chake, na kabati la Mzee Zadock halitapata la tatu. Kilichobaki ni kunyamaza tu, na kunyamaza mimi nakujua.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba Mzee alisoma majina. Alipomaliza hakufunga mfuko. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu kile kicheko.

"Na jambo moja la shukrani," akasema. "Mama Dorca aliambiwa neno na wazee, na mwezi huu ile kitu haikuja. Ametii. Wengine mjifunze kwake."

Mama Seline akaanza kupiga makofi, na safu zote mbili za kitambaa zikampigia. Mama mmoja akamgusa Waya begani, akamwambia ero kamano, kama mtu anayemshukuru kwa kupona. Nilimwona Waya anaangalia chini. Nikasogea mpaka karibu naye, jambo ambalo sikuwa nafanya, nikamshika kiwiko.

"Waya, nyamaza. Umeshashinda."

"Nimeshinda nini? Hujasikia? Wanasema nimetii."

Akafungua mkoba, akatoa lile la Oktoba, akalishika juu. Jalada lilikuwa na wanaume watatu na tarumbeta, wamefunga vifungo mpaka kooni, lakini hakuna aliyeangalia vifungo.

"Mzee Zadock," akasema, "sijatii. Nimehama. Nina sanduku langu." Akataja namba, tarakimu moja moja, polepole, kama mtu anayetaka iandikwe. "Iko safu ya chini, kila mtu anaweza kuiona. Hii imekuja huko. Na inayofuata itakuja huko. Sasa nataka zile mbili zangu, Agosti na Septemba."

Makofi yalikuwa yamekufa. Mama Seline akapita katikati ya watu mpaka akasimama mbele yake, karibu kabisa.

"Ulidanganya wazee."

"Niliwaambia nini? Waliongea wao."

"Dorca, vua kitambaa."

"Njoo ukivue."

Mama Seline akainua mkono. Nilikuwa karibu, niliuona. Ulifika usawa wa sikio la Waya, ukakaa pale hewani. Waya hakurudi nyuma na hakuinamisha kichwa. Alimwangalia tu, na jarida bado liko juu. Mkono ukashuka pole pole, Mama Seline akajifanya anarekebisha kitambaa chake mwenyewe.

Hakuna aliyeondoka. Kwa desturi yetu huondoki kabla majina hayajaisha, na sasa kila mtu alikuwa anajua hayajaisha. Jua lilikuwa utosini. Watoto walikuwa wanalia njaa. Yule mama wa kijana aliyefungwa alikuwa amesimama mbele kidogo yangu, na ndiye aliyesema, kwa sauti ile ile ya chini:

"Jina la mama huyu halijasomwa."

"Sijasikia," Mzee Zadock akasema, kwa mazoea.

"Umesikia," mama akasema.

Na Nasambu, ambaye alikuwa ameacha omena yake kwa mtoto, akaita kutoka nyuma, "Mzee, soma twende. Kama ni dhambi ni yake, kama ni jua ni letu sote."

"Soma," mwanamume mmoja akasema. Halafu wawili. Hawakupiga kelele. Walisema kama watu wanaomkumbusha mtu aliyesahau. Mzee Zadock alimwangalia Pasta. Pasta akaangalia saa yake, akasema, "Ni majina mawili tu, Mzee."

Akaingia ofisini. Tulisikia kabati. Akatoka nayo mawili, akapanda ngazi, akalishika la kwanza mbali na uso, kama alivyozoea kwa sababu ya macho yake.

"Dorca Amolo. Kutoka Nairobi."

"Niko."

Akapita mbele, akapokea kwa mikono miwili, akarudi mahali pake. Angeweza kupokea yote kwa pamoja. Alirudi mpaka pale alipokuwa amesimama, akangoja.

Mzee Zadock akalishika la pili. "Dorca Amolo. Kutoka Nairobi."

"Niko," Waya akasema, akapita mara ya pili. Alipolichukua akaligeuza, akamwangalia Mzee. "Umekunja pembeni hapa."

"Nilikuwa naweka alama," Mzee akasema. Aliposikia alichosema, alishuka ngazi akaenda kutafuta baiskeli yake.

Jumatano akina mama wa kitambaa walikutana, wakafuta jina la Waya kwenye daftari lao. Mama Seline alimtuma msichana wake Kibuye na karatasi ya kumwambia. Waya aliisoma akiwa amekanyaga cherehani, hakusimamisha mguu. Akamwambia yule msichana, "Mwambie mama nimeisoma," kisha akamwuliza kama hizo nguo za shule hazimbani kwapani.

Nilidhani atabadilisha kanisa. Yako mengi. Au atakuja akae nyuma na sisi karibu na tangi. Jumapili aliamka mapema kuliko siku zote, akapiga pasi kitambaa mara mbili, akakifunga mbele ya kioo, akaangalia upande huu na upande huu. Jarida akaliweka ndani ya Biblia, nalo likatokeza juu kwa sababu ni refu kuliko Biblia. Hakulisukuma ndani.

Tulipofika watu walikuwa wanaimba. Waya akapita katikati, viatu vyake vikilia, mpaka safu ya pili, mahali pake pa miaka saba. Mama Seline alikuwa amekaa mwisho wa benchi, amepanua magoti na mkoba, ili nafasi isionekane. Mimi nilibaki mlangoni, lakini wimbo ulikuwa umefika mwisho wa ubeti, kwa hiyo nilisikia.

"Dorca, huna jina kwa daftari."

"Najua," Waya akasema. "Sogea kidogo, Mama."